Kreni ya kukunja ya tani 2: uzoefu wangu na mashine ya kukereza ya kilo 700

Kreni hii ni ile ya kushushia injini za magari: miguu miwili mirefu mbele, nguzo, mkono na jeki ya haidroli. Kwa kunyanyua ni nzuri. Kwa kuhamisha ni mbovu. Ukiinunua ukilijua hilo hutajuta, lakini kama unaitaka kwa sababu ina magurudumu, eti utaining'iniza mashine na kuisukuma hadi ndani ya karakana, subiri kidogo.

Namba kwanza. Ubavuni imeandikwa tani 2 kwa maandishi ya kuonekana toka mbali. Mkono una matundu manne ya pini na kila tundu lina kiwango chake: ukiwa umeingizwa wote ni kilo 2,000, kisha 1,500, kisha 1,000, na ukivutwa mpaka mwisho ni kilo 500 tu. Hayo utayakuta kwenye stika isiyozidi kiberiti kwa ukubwa. Mashine yangu ya kukereza, yaani ya kuchonga chuma kikiwa kinazunguka, ina kilo 700 hivi kwa mujibu wa kijitabu chake, na kabati lake la chini inalokalia ni pana, hivyo ilibidi mkono uvutwe hadi tundu la tatu ndipo kulabu ifike juu ya kitovu cha uzito. Hapo tani 2 imeshakuwa tani 1. Kabla hujalipa, pima umbali kutoka nguzo hadi mahali kulabu itakapokaa, ndipo uangalie kama kreni inafaa.

Jeki yenyewe sina ugomvi nayo. Inapanda taratibu, haishtuki, haivuji. Kinachoudhi ni valvu ya kushushia: unaizungusha, kimya, unaizungusha tena, kimya, halafu ukiigusa kidogo tu mzigo unashuka puu. Nilikuwa naifungua kwa ncha za vidole, na muda wote mashine ilikuwa na vipande vya mbao chini yake, ili ikishuka ghafla isifike mbali. Mbao hizo zilisukumwa kwa fimbo. Mkono wa mtu hauingii chini ya kitu kinachoning'inia, hata kwa sekunde moja.

Mnyororo uliokuja nayo niliuweka kando nikatumia mikanda ya kunyanyulia. Kwa kiwango cha Ulaya rangi inasema uwezo: zambarau tani 1, kijani 2, njano 3. Ila pembe nayo ina neno lake. Mkanda wa pande mbili ukisimama nyuzi 60 kutoka usawa wa sakafu, kila upande unabeba kilo 400 hivi za hizo 700; ukilala hadi nyuzi 30, kila upande unabeba 700 kamili. Na hapa kreni inakubana, kwa sababu haiendi juu sana: ukitaka mkanda usimame wima zaidi, mashine haipandi vya kutosha.

Mikanda ipite chini ya kitanda cha mashine, ule mwili mrefu wa chuma uliolala, na ubao uizuie isiiguse ile skurubu ndefu ya mbele. Ikiiminya ikapinda, umebeba chuma chakavu. Upande wa kichwa, penye giaboksi, ndio mzito, kwa hiyo sogeza vyote vinavyoteleza upande wa pili, vikaze, kisha inyanyue kwa kimo cha kidole kimoja tu uone inainamia wapi. Shusha, rekebisha, rudia.

Sasa magurudumu. Ni madogo, ya chuma, na ufa mwembamba kwenye zege unatosha kuyasimamisha. Gurudumu likigoma, kreni inasimama lakini mashine inaendelea kwenda mbele, inabembea. Mashine ya kukereza uzito wake uko juu, miguu yake myembamba. Sitaki kuiona ikibembea tena. Tuliishusha kwenye vipande vya bomba nene la chuma, tukaisukuma kwa mtaimbo, bomba linalobaki nyuma linaletwa mbele. Kwenye kizingiti tulilaza bamba la chuma. Ni kazi ya polepole na haina shamrashamra, lakini mashine haiko hewani, na bomba likikataa kuviringika kila kitu kinasimama pamoja.

Kreni ilirudi kazini mara mbili tu baada ya hapo: kuitoa mashine kwenye mabomba, na kuinyanyua kidogo ili niweke vibati chini ya miguu mpaka pimamaji likatulia. Hata hapo miguu ya kreni ilikuwa inagombana na kabati, kwa sababu nafasi kati yake ni ndogo. Kama mashine yako ina kabati pana, hili lipime pia.

Nyota 3 kati ya 5. Kama una mashine moja tu ya kuingiza, kodi. Ukiikunja bado inakula kona nzima ya karakana.