TAHADHARI: Mnaopokea wageni wa meli Zanzibar, kuna tapeli Forodhani

Jamani, tangu wakwe wa kaka, wale niliowapokea kutoka kwenye meli, waondoke nimekaa kimya kwa aibu, lakini nasikia kuna meli nyingine inakuja, bora niseme.

Mnajua kaka alivyonisisitiza. Meli inafunga gati bandari ya Malindi asubuhi, saa kumi na moja jioni wote wawe wamerudi ndani, la sivyo inaondoka. Kwa muda huo huwezi kufika pale ndiyo uanze kuuliza boti bei gani. Nikamtafuta huyu mtembeza wageni mtandaoni mapema, akaniandikia mpango mzuri kabisa: kisiwa cha Changuu kuona kobe, fungu la mchanga la Nakupenda na samaki wa kuchoma hapo hapo mchangani, mashamba ya viungo Kizimbani, halafu Mji Mkongwe na kuingia Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la sultani. Laki sita na nusu watu wote. Nusu nikamtumia kwa simu nikiwa bado Dar.

Na asije mtu akaniuliza "ulimwaminije". Ungekuwa wewe usingemwamini? Getini tulimkuta ameshika karatasi yenye jina la ukoo wa wifi, lile jina ambalo hata mimi naliandika kwa kunakili, yeye kaliandika bila kosa. Akamwamkia baba mkwe kwa Kijerumani, mzee akacheka, na huyo mzee hacheki ovyo. Akambebea mkoba. Njia nzima anamwaga historia: gereza la Changuu lilijengwa 1893, chini ya Lloyd Mathews aliyekuwa waziri wa sultani, halikuwahi kufunga mfungwa, likaishia kuwa karantini ya homa ya manjano, kobe wanne wa mwanzo waliletwa 1919 kutoka Shelisheli, zawadi ya gavana wa huko. Nimekuja kuyahakiki baadaye, ni kweli tupu. Tapeli gani anakusomesha ukweli asubuhi nzima?

Asubuhi nzima, nasema, maana alituzungusha vichochoro vya Shangani duka hadi duka, "boti inaandaliwa, dada'angu, inatiwa mafuta". Wifi kanunua kanga kwa bei ambayo hapa Kariakoo ungepata doti tatu na chenji.

Ikaadhiniwa adhuhuri tukiwa tumekaa ukutani Forodhani. Akainama, akaniambia kwa adabu kabisa, "Dada'angu, naenda kusali mara moja, nikitoka napitia tiketi za kisiwani na kumlipa nahodha. Nipatie na ile iliyobaki ili nisirudi mara mbili." Nikahesabu noti, wifi anaangalia. Akazipokea kwa mikono miwili, akazikunja, akazitia mfuko wa shati, akaugonga mfuko kwa kiganja, "Dakika kumi na tano, inshallah." Akamwachia mzee chupa ya maji baridi. Mtu anakwenda kusali, ningemfuata msikitini nikamlinde?

Hakurudi. Simu inaita, haipokelewi, mwisho ikazimwa. Saa nane ndiyo kaja kijana mwingine, "nimetumwa niwachukue". Boti ya mbao, mashine moja, maboya ya kuvaa mawili kwa watu watano. Changuu, kiingilio hakijalipwa, nikalipa mimi. Angalau kobe tuliwaona, mama mkwe akawalisha mchicha, yule kijana akatupiga picha.

Nakupenda sasa. Tunafika, hakuna kitu. Maji! Nahodha ananitazama kwa huruma: "Mama, leo bamvua. Fungu lilikuwa nje saa nne saa tano asubuhi, saa hizi maji yanajaa." Kilichobaki ni kipande cha mchanga kinacholambwa na mawimbi, na baba mkwe kasimama majini hadi magotini, viatu kavining'iniza shingoni, ananiuliza samaki wako wapi. Na hapo hapo katikati ya bahari nahodha anasema hajalipwa hata senti, tumalizane ndiyo atie mashine moto. Nikalipa. Tumeingia getini Malindi imebaki chini ya nusu saa, mama mkwe anahema, hakuna aliyesema neno. Kizimbani hatukuiona, wala Mkunazini, ile kanisa iliyojengwa palipokuwa na soko la watumwa, ambayo mama mkwe ndiyo aliyoitaka kuliko vyote na ni kutembea kwa miguu tu.

Dalili? Zilikuwepo. Kitambulisho cha shingoni kilikuwa kimegeukia kifuani muda wote. Namba ya kutumia hela ilileta jina la mwanamke, eti dada yake mhasibu. Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu Desemba 2020, tulikuta imezungushiwa mabati, na yeye alishaniuzia kupanda hadi juu. Na mtu wa pwani anayekupangia Nakupenda bila kutaja maji kupwa na kujaa, mkimbie. Boti za Changuu zipo hapo hapo ufukweni, patana na nahodha mwenyewe, mlipe mkisharudi.

Lakini huyu mimi namtaka. Nimeripoti polisi wa utalii, nimeandikia na Kamisheni ya Utalii, na sitachoka. Anyang'anywe kila kitu, afungwe gereza la Kilimani, na Kilimani wakisema pamejaa basi lile gereza la Changuu lifunguliwe, awe mfungwa wa kwanza, kobe wamlinde. Anawachafulia jina vijana wangapi pale wanaohangaika kihalali juani?

Kanifungia nisimuone, ila dada wa ofisini anamuona. Jana kaweka picha yetu ya Changuu, mama mkwe ameshika mchicha, kaandika chini: "Wateja wetu wenye furaha. Nafasi za meli ijayo zimebaki chache, tuma advansi." Ripotini hiyo akaunti, leo.