Picha zenye fujo nyuma: ununue nini kwanza ukiwa Mtwara au Lindi

Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakaingia, swali huwa lilelile: ninunue simu gani ili picha zangu zitoke safi, bila ndoo, kamba ya nguo na bajaji za watu nyuma? Jibu langu huwashangaza wengi, maana simu naiweka nafasi ya nne.

Kabla hujatoa hata shilingi, mwondoe mtu ukutani. Asimame mbali na kilicho nyuma yake, hatua tano au zaidi, kisha wewe urudi nyuma na kukuza picha mara mbili. Lenzi kuu ya simu huona eneo pana sana; ukimsogelea mtu unabeba na uwanja mzima ulio nyuma yake. Ukirudi umbali mara mbili na kukuza mara mbili, uso unabaki ukubwa uleule, lakini eneo la nyuma linaloingia kwenye picha linapungua upana, karibu nusu kama liko mbali. Eneo dogo ni rahisi kulichagua: ukuta mmoja wa mawe Mikindani badala ya mtaa mzima, mlango mmoja badala ya nyumba tatu.

Halafu kagua pembe zote nne za kioo kabla ya kubonyeza. Nguzo ya umeme isiote kichwani mwa bibi harusi. Mstari wa bahari usimkate mtu shingoni. Kama ufukweni Msimbati kuna watu wengi, piga goti ili anga liwe nyuma yake, au panda juu ya kitu umpige ukielekeza kamera chini, nyuma yake ubaki mchanga mtupu. Ukishayafanya haya wiki nzima na bado picha hazikuridhishi, sasa twende dukani.

Ya kwanza: kitambaa

Hakuna fedha ndogo itakayokufanyia kazi kubwa kama hii. Nenda duka la vitambaa, siyo duka la vifaa vya picha. Kaniki inafaa sana kwa nyuso na nguo za rangi kali. Weusi wake hauakisi mwanga na macho ya mtazamaji hayana pa kukimbilia. Kwa vitu vyeusi chukua marekani, kile kitambaa cha pamba chenye rangi ya maziwa ambacho jina lake lilitokana na meli zilizokileta pwani hii kutoka Marekani karne ya 19.

Nasisitiza hili kwa ajili ya wachongaji. Kinyago cha mpingo kikiwekwa mbele ya kaniki, ukingo wake unamezwa, na mikono na vichwa ambavyo fundi alivitolea jasho wiki nzima vinageuka giza moja. Kiweke mbele ya marekani, pembeni mwa dirisha, mwanga ukija kwa ubavu. Kamera itadanganywa na weupe wa kitambaa na kukifanya kinyago kiwe cheusi zaidi. Gusa kinyago kwenye kioo, kisha pandisha mwanga hadi mikwaruzo ya patasi ionekane. Nimeona picha ya kinyago kilekile, simu ileile, ikibadilika hadi mwenye kinyago akauliza kama ni chake.

Usinunue satini, inang'aa. Usitumie kanga: ina jina, na mtu atasoma jina kabla hajauona uso. Kwa nusu mwili, mita mbili zinatosha. Kwa mtu mzima aliyesimama, tafuta kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu, urefu mita nne, kishuke hadi kitandikwe chini ya miguu ili pasiwe na mstari kati ya ukuta na sakafu. Kipige pasi. Kifunge kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kivute kando, na mtu akae mita moja mbele yake ili kivuli chake kisikiangukie.

Hata kitambaa hakisaidii jua likiwa baya. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katika siku za mwisho wa Oktoba jua la saa sita hupita karibu wima juu ya vichwa na macho hugeuka mashimo meusi. Tundika kitambaa barazani au chini ya mwembe. Kama ni lazima uwe uwanjani, subiri saa kumi na moja jioni.

Ya pili: lenzi ya 50mm f/1.8, kama kamera unayo

Lenzi inayokuja na kamera, ile ya 18-55mm, ina tundu dogo ukiikuza. Namba ya f ndiyo ukubwa wa tundu: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na nyuma kunapata ukungu zaidi. Ukimpiga mtu aliye umbali wa mita mbili kwa 55mm na f/5.6, eneo linaloonekana kwa ukali lina kina cha karibu sentimita 28. Kwa 50mm na f/1.8, kwenye kamera hiyohiyo, ni kama sentimita 11. Kinachobaki nyuma kinayeyuka, na kinayeyuka kwa kweli, hadi kwenye nywele.

Kuna mitego miwili. Nikon za D3000 na D5000, pamoja na ndugu zao kama D3500 na D5600, hazina mota ya kulenga ndani, kwa hiyo 50mm ya zamani iliyoandikwa AF italazimu ulenge kwa mkono. Nunua iliyoandikwa AF-S. Kwa Canon, 50mm ya EF inaingia moja kwa moja kwenye kamera za DSLR, zenye kioo cha kuakisi ndani, kama 2000D na 4000D, ila kwenye zile zisizo na kioo hicho, zenye mdomo wa RF, inataka adapta.

Ukinunua iliyotumika, na wengi wetu tunanunua iliyotumika, mulika tochi upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Unyevu wa pwani hii huipenda, kwa hiyo irudishe mezani hata kama bei imeshuka nusu. Ukipata safi, ihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Ya tatu: programu

Snapseed ni ya bure, na kifaa chake cha Healing hufuta mfuko wa plastiki au mtu aliyepita mbali. Kukata nyuma yote kuna remove.bg, bure inakupa picha ndogo, kubwa ni ya kulipia. Inafaa kwa chupa ya asali au gauni la kuuza. Mtandio mwepesi, wavu wa kuvulia na nywele zilizoachiwa huiumbua programu hiyo, na picha ya familia iliyokatwa hivyo huonekana kama watu wamebandikwa.

Ya nne: simu

Usihesabu macho ya kamera. Simu nyingi za bei ya chini zina kamera ya pili ya megapikseli 2 ambayo haiongezi chochote cha maana. Tafuta yenye lenzi halisi ya kukuza mara mbili au tatu. Dukani, omba umpige mtu mwenye hereni au kilemba kwa ile sehemu iliyoandikwa Portrait, inayotia ukungu nyuma ya mtu, kisha kuza picha uangalie ukingo: hereni ikiwa imeliwa na ukungu, rudisha. Kabla ya kulipa bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, itume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama jina na aina ya simu vinalingana na ulichoshika.

Ya tano: taa ya duara

Inamulika uso tu. Ndoo iliyo nyuma inabaki palepale. Nunua kama unarekodi video usiku. Kwa picha za mchana, fedha hiyo iongeze kwenye kitambaa cha pili, cha rangi ya udongo.