Programu ya kuchora paa za turubai: usilipe kabla hujauliza "nikate wapi?"

Mwaka juzi nililipia programu moja kubwa ya usanifu, usajili wa mwaka mzima, kwa dola, kupitia wakala ambaye simtaji. Mteja wangu alitaka kivuli cha turubai juu ya sehemu ya kulia chakula kule Kigamboni, nguzo nne za chuma, mbili ndefu mbili fupi, kitambaa kimepinda kama tandiko la punda. Nikachora siku mbili, picha zikatoka safi, mteja akazipenda akatoa advansi siku hiyohiyo. Nikaenda Temeke kwa fundi wa maturubai. Akaiangalia picha kwenye simu yangu, akaikuza kwa vidole, akaizungusha, akanirudishia simu.

"Dada, picha nzuri. Sasa nikate wapi?"

Sikuwa na jibu, na ile programu nayo haikuwa nalo. Umbo lilikuwepo, vipande havikuwepo. Tukakadiria kwa kupima mistari kwenye mchoro, akakata vipande vilivyonyooka, akavichomelea kwa joto, tukapandisha. Kona mbili zikawa na mikunjo kama shuka lisilotandikwa na katikati pakalegea, mvua ya kwanza ya masika maji yakatuama pale juu mpaka kitambaa kikaning'inia kama karai, wahudumu wanasukuma kwa mti wa fagio. Kitambaa chote kilirudiwa na hela ilitoka mfukoni kwangu. Kwa hiyo humu sitazungumzia renda, yaani kutoa picha ya mwisho, inachukua dakika ngapi wala menyu ipi imepangwa vizuri, hayo utayaona Youtube, mimi naangalia kitu kimoja tu: programu inaweza kulilaza paa likawa vipande vya kukata au haiwezi?

Fikiria gauni. Kitenge kiko bapa, mwili hauko bapa, ndio maana fundi cherehani anakata vipande vilivyopinda pembeni, akiviunganisha vinafuata kifua na kiuno. Turubai ni hivyohivyo. Paa la kuvutwa lazima lipinde pande mbili zinazopingana, huku linapanda kule linashuka, bila hivyo upepo unalipigapiga na maji yanatuama. Na umbo la namna hiyo halilaziki bapa hata ufanyeje, mpaka uligawe vipande vyembamba na kila kipande kikubali kuvutwa au kubanwa kidogo. Halafu umbo lenyewe huwezi kulibuni kwa jicho, linatakiwa litokane na mvutano wa kitambaa chenyewe. Frei Otto, mbunifu majengo wa Ujerumani, alikuwa anachovya fremu za waya kwenye maji ya sabuni, anaangalia utando umekaaje, ndio anapata umbo. Lile paa la wavu wa nyaya la uwanja wa Olimpiki wa Munich 1972, alilofanya na timu ya mbunifu mwenzake Günter Behnisch, lilianza na modeli ndogo, ila likaja kuwasumbua kwenye swali lilelile la fundi wangu wa Temeke, nyaya zikatwe urefu gani? Vipimo vya modeli ndogo havikutosha kwa kitu kikubwa vile, ndipo Klaus Linkwitz na wenzake wa Stuttgart wakatengeneza njia ya kupiga hesabu kwa kompyuta. Zaidi ya miaka 50 imepita, na bado tunauziwa programu ghali isiyojibu swali hilo.

Basi nipange.

Namba moja ni Rhino, programu ya kuchora maumbo ya 3D, na sifichi, ninaipenda. Unalipa mara moja inakuwa yako, hakuna cha kukumbushwa kila mwaka. Rhino 8 ilipotoka 2023 bei yake ilikuwa dola 995, mwanafunzi dola 195, na unapewa siku 90 za kuijaribu bure yote kamili, siku 90 unamaliza mradi mzima ukiwa na bidii. Tangu Rhino 6 ya 2018 imekuja na Grasshopper ndani yake, sehemu ya kujenga umbo kwa kuunganisha hatua moja moja, na ndani ya Grasshopper kuna Kangaroo ya Daniel Piker, inayoiga nguvu za mvutano. Unachora wavu, unaonyesha kona zilizofungwa, unaziambia nyuzi zivutane, na paa linajipanga lenyewe mbele ya macho yako mpaka litulie. Mara ya kwanza nilipoliona linatulia nilimwita mume wangu aje aangalie, na yeye ni mhasibu.

Sasa vipande. Rhino ina amri inaitwa UnrollSrf, hiyo ni ya maumbo yaliyopinda upande mmoja tu kama bati la mgongo, usiitumie kwa turubai. Ya kwako inaitwa Squish. Unaipa kipande inakilaza, na inakuambia kimevutwa au kimebanwa kiasi gani, ukiona namba imekuwa kubwa unarudi unagawa vipande vyembamba zaidi. Ila haijui kwamba kitambaa kinavutika tofauti urefu na upana, kwa hiyo vipimo vya kukatia unavipunguza mwenyewe kidogo ili paa likishavutwa lifike saizi yake, asilimia ngapi utamuuliza muuza kitambaa na uijaribu kwenye kipande kidogo. Hapo ndipo watu wengi wanaharibu, vipande vimetoka vizuri lakini vimekatwa kwa saizi ileile ya mchoro, paa likipandishwa linalegea.

Kama hiyo ndiyo kazi yako ya kila siku ongeza MPanel, inakaa ndani ya Rhino na imetengenezwa kwa ajili ya maturubai hasa, inatafuta umbo na inatoa vipande. Kwa mapaa makubwa ya viwanja kuna Easy ya technet ya Berlin na RFEM ya Dlubal, hizo ni za mainjinia, zinapiga hesabu ya upepo na nguvu za nyaya pia. Mahujaji wetu waliopita uwanja wa ndege wa Jeddah wameiona Terminal ya Hija ya 1981, mahema 210 ya kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon, kazi kama ile usiifanye kwa Squish wala peke yako bila injinia.

Inayofuata ni ArchiCAD, programu ya kuchora majengo, kwa sababu inaunganika na Rhino na Grasshopper moja kwa moja, unatafuta umbo huku unatoa michoro ya jengo kule. Ikiwa peke yake, kifaa chake cha Shell kinachora mapinde mazuri lakini hakijui mvutano. Revit, nayo ya majengo, utachora umbo kwenye Mass, kifaa chake cha maumbo huru, ukaweka paa juu yake, ila umbo ulete kutoka nje na vipande ukatafute nje. Kama ofisini kwenu tayari ipo, sawa, ipo Rhino.Inside ya kuiunganisha na Rhino. Kuinunua kwa ajili ya turubai, hapana.

SketchUp na plugini ya Soap Skin & Bubble inatosha kumwonyesha mteja. Blender ni ya bure, kitambaa chake kinacheza vizuri, kwa picha.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji. Unampigia wakala unamuuliza inalaza vipande? Anajibu "inafanya kila kitu dada", ukiomba akuonyeshe anakutumia brosha. Dola anaibadilisha kwa rate yake, juu yake VAT, juu yake "mafunzo" ambayo ni siku mbili za kuchora kuta na madirisha, na ukigundua umekosea hela hairudi. Kijana aliyetoka chuo juzi anatoa wapi hela ya kukosea hivyo? Sasa hivi silipi mpaka wakala afungue programu mbele yangu, achore kona nne, mbili juu mbili chini, anipe vipande bapa vyenye vipimo.

Kivuli cha Kigamboni nilikirudia kwa Rhino, vipande sita. Nilimpelekea fundi vimechapwa saizi halisi kwenye karatasi ndefu, kila kimoja na namba yake na alama za kuunganishia pembeni. Akavitandaza chini, akavuta kiatu akakanyaga kona karatasi isipeperuke, akaanza kukata.