Nimeunda Bluenose ya mbao kutoka kwenye boksi, hebu tuitazame

Habari zenu wadau, karibuni tena. Ngoja niisogeze karibu na kamera muione vizuri, hii hapa ni Bluenose, mfano mdogo wa skuna, yaani meli ya matanga, hii ikiwa na milingoti miwili, nimeiunda kwa mkono wangu kutoka kwenye seti ya mbao na imenichukua miezi mitano ya jioni na wikiendi. Wengi mmeniuliza kama inamfaa mtu anayeanza. Inafaa kabisa, ila kuna sehemu moja ukiikimbiza tu imekula kwako, na ndo hiyo nataka tukae nayo leo.

Kwanza mjue chombo chenyewe. Bluenose halisi ilishushwa majini Lunenburg, Nova Scotia, kule Kanada, mwaka 1921, mchoro alichora William Roué na nahodha wake Angus Walters, na ilikuwa meli ya kazi, inaenda kuvua Grand Banks, eneo la uvuvi kwenye bahari ya Atlantiki, halafu hiyohiyo inaingia kwenye mbio na kuwapita Wamarekani. Wakanada waliipenda mpaka 1937 ikawekwa kwenye sarafu ya senti 10. Iligonga mwamba karibu na Haiti mwaka 1946 ikaishia hapo. Mimi nikijua chombo kiliishije, mkono wangu unakuwa na adabu zaidi.

Ndani ya boksi unapata mkuku wa plaiwudi, yaani uti wa mgongo wa meli, mataruma, yaani mbavu zake za ndani, yaliyokatwa kwa leza, vifurushi vya mbao nyembamba, nyuzi, vikorokoro vya shaba na michoro. Maelezo ni mafupi mno, kampuni siitaji, lakini picha zinasaidia. Sasa mkuku wangu ulikuja umepinda. Nikaulaza juu ya kioo nikaona mwanga unapita katikati, na huku Dar na huu unyevu wetu ungezidi tu, kwa hiyo nikalowesha kwa kitambaa ule upande ulioingia ndani, nikaubana katikati ya mbao mbili bapa nikaweka matofali juu siku tatu. Ulinyooka. Usipange taruma hata moja juu ya mkuku uliopinda, jamani, maana meli nzima itaufuata.

Haya, sehemu yenyewe. Mataruma ukishayagundisha yana kingo za mraba, na kule kwenye omo, yaani mbele, meli inajikunja, kwa hiyo ubao ukiulaza unagusa kikona tu, ubapa wote unabaki hewani. Watu wengi hapo wanaongeza gundi wanaendelea, baadaye wanashangaa kwa nini ubavu una nundu. Chukua msasa, ugundishe kwenye kipande cha mbao kirefu kinachofika mataruma matatu kwa mpigo, piga taratibu, kila baada ya muda laza ubao mmoja bila gundi uangalie kama umekaa. Mimi hapa nilitumia jioni nne nzima na sijutii hata moja. Waliowahi kusimama pale Nungwi wanapounda majahazi wameona fundi anavyopitisha kiganja juu ya ubavu wa chombo, basi fanya vilevile, fumba macho kabisa, kiganja kinasikia ambacho jicho limeruka.

Ukianza kupigilia mbao, moja kushoto moja kulia, usimalize upande mmoja kwanza kwa sababu mbao zikikauka zinavuta na mkuku unapinda tena. Za kwenye omo loweka maji ya moto kama dakika 20, zipunguze upana kuelekea mbele, banisha na vibanio vya nguo. Na hii seti ina tabaka mbili za mbao, ndo maana nampendekezea anayeanza, tabaka la kwanza likikukosea unajaza, unapiga msasa, la pili linafunika.

Kamba ziko nyepesi kuliko nilivyotegemea kwa sababu skuna haina foromali nyingi, zile boriti za kulala mlingotini zinazoshika matanga. Mtu akikushauri uanze na Victory, meli ya kivita ya Nelson wa Uingereza yenye mizinga 104, subiri kwanza. Uzi upitishe kwenye nta ya nyuki, ule unyoya wote unalala.

Ningenunua tena? Ndio, leo hii. Ila mbao za tabaka la pili zilinitosha kwa shida sana, nilibaki na vipande viwili vifupi kama kidole, kwa hiyo ukiagiza, agiza na kifurushi kimoja cha akiba hapohapo.