Mikutano ya Wazi ya Alcoholics Anonymous: Tathmini ya Huduma Isiyouliza Umeanguka Mara Ngapi

Kwa muda sasa nimekuwa nikimsindikiza ndugu yangu kwenye mikutano ya wazi ya Alcoholics Anonymous, jumuiya ya watu wanaosaidiana kuacha pombe, inayofahamika zaidi kwa kifupi chake, AA, na kwa idhini yake ninaandika tathmini hii kwa ajili ya familia zenye mtu aliyeshindwa na pombe. Mimi mwenyewe si mwanachama, kwa kuwa pombe haijawahi kunitawala. Naandika kama jamaa wa mgonjwa na kama mtu wa dini, na ni kwa jicho hilo la pili hasa kwamba huduma hii imenigusa, kwa sababu nimeona pale watu wakitendeana yale ambayo nyumba za ibada huyahubiri kila wiki, tena wakiyatenda bila mahubiri.

Kinachotolewa ni kidogo ukikitazama juu juu. Watu hukutana kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo, mmoja wao huongoza, na kila anayetaka kuzungumza hujitaja kwa jina lake la kwanza, husema kwamba ni mlevi, kisha husimulia alivyokuwa, kilichotokea na alivyo sasa. Katika makundi mengi hakuna anayemkatiza, na akimaliza hakuna anayempa ushauri wala kumsahihisha mbele ya wenzake. Mikutano ya wazi inamruhusu yeyote kuketi na kusikiliza, wakiwemo jamaa, wanafunzi na viongozi wa dini. Mikutano iliyofungwa ni ya wenye tatizo lenyewe peke yao. Hakuna kiingilio wala ada, na sharti la uanachama ni moja tu, nalo ni nia ya kuacha kunywa. Chombo cha michango hupitishwa kwa ajili ya gharama za chumba na machapisho, lakini kwa utaratibu wao kila kundi hujitegemea na halipokei fedha kutoka nje, hata zikitoka kwa mfadhili mwenye nia njema. Utaratibu huo naupenda sana, kwani mahali ambapo hakuna tajiri wa kumfurahisha, fukara husikilizwa kwa utulivu uleule anaosikilizwa mwenye cheo.

Wema wa mahali hapa uko katika mambo madogo ambayo mtu anaweza kuyapita bila kuyaona. Mgeni akiingia na kuchagua kiti kilicho karibu na mlango, kama wafanyavyo karibu wageni wote, hakuna anayemwita aje mbele; aliyeketi jirani yake huondoa mkoba wake kwenye kiti cha kati, kimya kimya, ili mgeni asihisi kwamba ametengwa wala kwamba amevamiwa. Nimemsikia mwanamke aliyekuwa amekaa miaka mingi bila kunywa akisema, kwa sauti ya chini, kwamba amekunywa tena wiki hiyo. Nilitazamia minong'ono au walau kimya cha aibu, lakini waliokuwa karibu naye walimshukuru kwa kurudi, mmoja akamwandikia namba yake ya simu kwenye karatasi, na zamu ikaendelea kwa mwingine. Hesabu ya siku zake ilianza upya palepale, pasipo kufutwa miaka ile aliyoishi vizuri na pasipo mtu kudai kwamba alichokifanya si kitu. Kumpokea aliyeanguka bila kumdhalilisha na bila kumdanganya ni kazi ngumu kuliko tunavyokiri, na familia nyingi hushindwa nayo kwa sababu zimeumizwa mno kuweza kuifanya peke yao.

Chanzo cha tabia hiyo kiko katika historia ya jumuiya yenyewe. Mwezi Mei mwaka 1935 Bill Wilson, mfanyabiashara ya hisa kutoka New York aliyekuwa amekaa miezi michache tu bila kunywa, alijikuta peke yake katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, baada ya shughuli iliyompeleka huko kuharibika. Alisimama kwenye ukumbi wa hoteli, upande mmoja baa ikiwa imechangamka, upande wa pili simu pamoja na orodha ya makanisa ya mji. Aliiendea simu, na ombi alilolitoa kwa mchungaji aliyepokea halikuwa la kuombewa wala kufarijiwa, bali la kutafutiwa mlevi mwingine wa kuzungumza naye, kwa kuwa alikuwa amegundua kwamba akijishughulisha na mwenzake mwenye shida hiyohiyo, kiu yake mwenyewe hupungua nguvu. Kwa njia hiyo alikutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye ulevi ulikuwa umekaribia kummaliza yeye na kazi yake. Daktari huyo alikubali kuonana na mgeni kwa dakika 15 tu, lakini wawili hao walizungumza kwa saa kadhaa. Baada ya hapo alianguka tena, kisha akaacha moja kwa moja, na tarehe 10 Juni 1935, inayohesabiwa kuwa siku yake ya mwisho kunywa, ndiyo inayoadhimishwa kuwa siku ya kuanzishwa kwa AA.

Kwa hiyo tangu mwanzo kilichomstahilisha mtu kuhudumu kilikuwa ni jeraha lake mwenyewe. Daktari Bob alikuwa ameshasikia nasaha nyingi kutoka kwa watu wema ambao hawakuwahi kuamka wakitetemeka mikono. Aliyemfikia moyoni ni yule aliyeweza kumweleza aibu yake kabla yeye mwenyewe hajaitaja. Wala waasisi hawakugeuka malaika. Wilson hakurudia pombe, lakini sigara ilimtesa kwa miaka mingi na alifariki mwaka 1971 kwa ugonjwa wa mapafu. Naona ni jambo la heri kwamba jumuiya hii haikuficha habari kama hizo, kwa maana mgonjwa anayeelezwa kwamba waliomtangulia walikuwa wakamilifu hukata tamaa siku ya kwanza ya kujikwaa.

Kuhusu imani, ambayo ndiyo huwagawa watu zaidi, ni lazima niseme kwa kirefu. Wilson na Daktari Bob wote walikuwa wamepitia Oxford Group, harakati ya Kikristo iliyosisitiza kuungama na kurekebisha makosa, na athari yake inaonekana wazi katika Hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe, zilizochapishwa mwaka 1939. Hatua hizo zinamtaja Mungu, lakini kwa maneno yanayomwachia kila mtu amwelewe kwa namna yake, jambo lililoingizwa baada ya mabishano makali kati ya waumini na wasioamini waliokuwemo tangu siku za mwanzo. Waumini wenzangu wengine huliona hilo kuwa ulegevu. Mimi silioni hivyo, kwa sababu ukizitazama hatua zenyewe utakuta zinamdai mtu mengi kuliko mahubiri mengi yanavyomdai. Hatua ya nne inamtaka ajichunguze na kuandika hesabu ya maisha yake bila woga. Ya tano inamtaka akiri makosa yake kama yalivyo mbele ya Mungu, mbele ya nafsi yake na mbele ya binadamu mwingine. Ya nane inamtaka aorodheshe watu wote aliowadhuru. Na ya tisa inamtaka awaendee na kuwalipa au kuwatengenezea, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza wao au wengine.

Nimeiona orodha ya ndugu yangu, naye ameniruhusu kusema hili. Haikuandikwa kwamba aliwakosea wengi. Iliandikwa jina, kisha deni lililokanushwa. Jina, kisha harusi aliyoiharibu. Jina, kisha mtoto aliyeahidiwa kuja kuchukuliwa shuleni na akangoja hadi jioni. Mtu anaweza kuomba msamaha wa dhambi zake zote kwa jumla kila usiku kwa miaka 20 na asiguse hata jina moja kati ya hayo, kwani toba ya jumla haimlazimishi kubisha hodi kwa mtu yeyote. Sharti lile la mwisho la hatua ya tisa nalo lina hekima kubwa: linamzuia mkosaji kununua utulivu wake kwa machozi ya mtu aliyekwisha kupona. Ndugu yangu alishauriwa asimwendee mmoja wa waliokuwa kwenye orodha, na akatii, ingawa alitamani sana kutua mzigo huo.

Kasoro zipo, na nyingine ni za hatari. Ya kwanza ni kwamba AA si hospitali. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikatiza ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na hata kupoteza maisha, kwa hiyo anapaswa kuanzia kwa daktari, na mkutano uje sambamba na matibabu au baada yake. Mlezi, yaani mwanachama mzoefu anayemwongoza mgeni katika hatua, si tabibu wala hakufundishwa utabibu, na akimwambia mtu aache dawa alizoandikiwa, ziwe za sonona au za maradhi mengine, asisikilizwe kabisa. Machapisho ya AA yenyewe yanasema wazi kwamba mwanachama asijifanye daktari. Ya pili inatokana na uhuru wa makundi. Hakuna ofisi kuu inayokagua, hivyo kundi moja linaweza kuwa la upole na jingine likatawaliwa na wazee wachache wenye maneno makali. Wapo pia wanaotumia unyonge wa wageni kutafuta mahusiano ya kimapenzi, ubaya unaojulikana na unaokemewa ndani ya jumuiya yenyewe, na ndiyo maana inashauriwa mwanamume alelewe na mwanamume na mwanamke na mwanamke. Kutunziana siri nako kunategemea uaminifu wa kila aliyeketi chumbani. Na asiyeamini Mungu kabisa atachoshwa na lugha ya sala, hata akielezwa mara ngapi kwamba halazimishwi, japokuwa yapo makundi yaliyoanzishwa mahususi kwa ajili ya watu kama yeye.

Anayeuliza kama haya yote yanaleta matokeo ana haki ya kujibiwa kwa ushahidi. Mwaka 2020 mtandao wa Cochrane, unaoheshimika kwa kupima tafiti za tiba, ulichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Ulionyesha kwamba programu zilizopangwa kwa utaratibu maalumu za kumwingiza mgonjwa katika AA ziliwasaidia watu kuacha pombe kabisa kwa kiwango kilichozidi kile cha tiba nyingine zinazotambulika, na kwamba kwa vipimo vingine zilikwenda nazo sambamba. Hiyo haina maana kwamba kila anayeingia hupona. Ina maana kwamba kumwambia mgonjwa ajaribu si kumpotezea wakati.

Kwa jumla naiona kuwa huduma bora sana kwa mtu aliyekwisha kukubali kwamba pombe imemshinda, na huduma dhaifu kwa anayeburutwa na jamaa zake. Familia zenyewe zina mahali pao: Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951 kwa juhudi za Lois Wilson, mke wa Bill, ambaye aliona kwamba waliokuwa wakiwangoja walevi nyumbani nao walikuwa wameumia. Anayetaka kujionea achague mkutano ulioandikwa kuwa ni wa wazi, afike dakika chache kabla, aseme mlangoni kwamba ni jamaa, na asirekodi wala kutaja nje jina la yeyote atakayemkuta. Kundi la kwanza lisipomfaa, ajaribu la pili na la tatu kabla ya kutoa hukumu, kwa kuwa tofauti kati ya kundi na kundi ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.