Nesi wa shuleni nampa nyota zote, mapokezi ya kliniki bado sana

Naandika kama mama wa binti wa miaka 14. Shule yake imeungana na kituo cha afya, nesi anakuja darasani mara moja kwa mwezi anafundisha elimu ya afya ya uzazi na ujinsia pamoja na mwalimu wa baiolojia, halafu mtoto akiwa na lake la siri anaenda kliniki ya vijana baada ya masomo. Wazazi tulikaribishwa kipindi kimoja tukakaa nyuma kabisa.

Kilichonigusa ni vile vikaratasi. Kila mtoto anapewa kimoja na LAZIMA aandike, huna swali andika "sina swali", vinakunjwa sawasawa vinaingia kwenye boksi, kwahiyo hakuna anayejua nani kauliza nini. Nesi akachomoa kimoja, penseli, herufi ndogooo, eti mtu akikulazimisha unamwambia nani. Darasa zima kimya. Akajibu taratibu tu, sio kosa lako, usikae nalo, njoo haraka hata kabla hujaoga, maana dawa ya kuzuia VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72 na ukiwahi ndo bora zaidi. Akamalizia "mimi ndo utakayenikuta". Mwalimu peke yake hiyo sentensi hawezi kuisema jamani, na nesi peke yake angewapata wapi watoto wote wale wamekaa wanamsikiliza.

Wanaosema tunawafundisha watoto uhuni wajue kwamba mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNESCO na WHO na wenzao, walitoa mwongozo 2018 baada ya kupitia tafiti za nchi nyingi, elimu hii haiwaharakishi watoto kuanza ngono. Wavulana nao wasitolewe nje, siku ile walikuwemo na maswali yao yalikuwa ya maana tu.

Sasa kliniki. Binti yangu alienda kwa maumivu ya hedhi, nesi wake hakuwa zamu, dada wa mapokezi akamuuliza kwa sauti mbele ya watu wote "umefuata nini, uzazi wa mpango?" Mtoto akageuka hapohapo akarudi nyumbani analia, na yale maumivu akabaki nayo. Nimeenda kulalamika, nikaomba wawape watoto kikaratasi chenye namba tu wakionyesha wanaelekezwa chumba bila kuulizwa kitu, wakaniambia watalifikiria, huu mwezi wa pili nasubiri. Darasani anaendelea kuandika maswali yake, ila kliniki hataki hata kupasikia.