Antivirusi tatu kwenye laptopu moja ya mtumba: yaliyonikuta na ninachotumia sasa

Kijana wa duka la fotokopi pale Chake Chake aliichomoa flashi yangu, akaichomeka tena, kisha akaniangalia. "Maalim, humu mna shotikati tupu."

Shotikati ni njia ya mkato tu, si kazi yenyewe. Nikainamia kioo chake. Folda yangu ya MTIHANI KIDATO 2 ilikuwepo, jina lile lile, ila pembeni ina kishale kidogo na uzito wake ni KB 1. Siku mbili za kuchapa mitihani, KB 1. Nyuma yangu watu wamepanga foleni na vyeti vyao vya kuzaliwa mkononi, na watoto wanafanya mtihani keshokutwa.

Naandika haya kwa mtu aliye kama mimi: si fundi, Kiingereza cha kompyuta kinamtia kizunguzungu, na mashine yake ilishatumiwa na mwengine kabla haijavuka bahari. Yangu ni Dell Latitude E6420, Core i5 ya kizazi cha pili, RAM ya GB 4, na diski ya kizamani, ile inayozunguka. Niliinunua Unguja, Darajani, kwa shilingi 320,000, nikarudi nayo kwenye boti nimeipakata kama mtoto. Ina Windows 10. Betri ilishakufa, umeme ukikatika na yenyewe inazimika, lakini kwa kuchapa mitihani na kuweka alama za wanafunzi inanitosha.

Antivirusi ya kwanza, yaani programu ya kukinga virusi vya kompyuta, niliwekewa na mwalimu mwenzangu wa skuli, ya bure. Jina silitaji, huenda kwenye mashine mpya inakwenda vizuri. Kwangu mimi, nilikuwa nawasha kompyuta, naingia jikoni nateleka birika, chai inachemka, naimimina, nikirudi duara bado linazunguka. Kisha vidirisha vyekundu. Kila baada ya muda kimoja kinachomoza pembeni kunambia nimo hatarini, na mimi nilikuwa nikishtuka kweli kweli. Ilinichukua wiki kadhaa kufahamu kwamba hatari yenyewe ni kuwa sijanunua toleo la kulipia. Kwa anayeanza, hilo naliona baya kuliko ule uzito. Mtu akishazoea kufunga matangazo bila ya kuyasoma, siku onyo la kweli likija atalifunga vile vile.

Ya pili ilikuwa ya majaribio ya siku 30. Siku ya 31 ikaniomba kadi ya benki, nami kadi ya kulipia mtandaoni sina. Ikabaki pale pale, kazi haifanyi na kuondoka haiondoki.

Ya tatu naona haya kuihadithia. Nilipewa na rafiki kwenye flashi, "fulu", kufuli lake la malipo limeshavunjwa, hakuna kulipa. Ili iingie ilinitaka kwanza nizime ulinzi wote wa kompyuta. Nikazima! Yaani mtu anakuja kukuuzia kufuli, anakwambia fungua mlango na umfunge mbwa kwanza, na wewe unakwenda mbio kumfunga mbwa.

Bahati yangu mpwa wangu anasoma mambo haya haya Unguja, na wiki ile alikuwa likizo. Alikaa nayo barazani dakika kumi tu. "Mjomba, umeweka walinzi watatu kwenye mlango mmoja, wanakamatana wenyewe kwa wenyewe."

Akanifahamisha jambo ambalo kama ningelijua mwanzo nisingehangaika. Windows 10 inakuja na mlinzi wake ndani, Microsoft Defender, bila ya malipo. Ukiweka antivirusi nyengine, yeye kwa kawaida hujiweka pembeni. Kwa hiyo tangu nilipoiweka ile ya kwanza, yule aliyekuja na nyumba nilikuwa nimemlaza mimi mwenyewe.

Kuziondoa zile tatu kulikuwa kazi. Ukifuta kwa njia ya kawaida mara nyingi yanabaki mabaki, na kampuni nyingi za antivirusi zina kiprogramu chao maalumu cha kusafishia, unakipakua kwenye tovuti yao wenyewe. Ile ya kuvunjwa hatukuishia hapo. Alitumia skani ya Defender ya nje ya mtandao: kompyuta inajizima, inawaka upya na kujikagua kabla Windows yenyewe haijaamka, kirusi kisipate pa kujificha. Inasemwa huchukua kama robo saa. Yangu ilikwenda zaidi ya nusu saa, na kwa ile betri mfu mimi nimesimama nayo namuomba Mungu umeme usikatike. Ilitoa virusi viwili.

Na mitihani? Haikuwa imepotea. Kirusi cha shotikati hakifuti kazi yako. Kinalificha folda la kweli, kinaweka shotikati yenye jina hilo hilo, na ukiibofya inakufungulia folda huku ikikiamsha na kirusi, ndiyo maana wengi hukaa nacho miezi hawajui. Mpwa wangu alifungua kile kidirisha cheusi cha maandishi (Command Prompt) akaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ndiyo herufi ya flashi kwenye mashine yangu, kwako huenda ikawa nyengine). Nikaona folda langu linajitokeza, limefifia kidogo halafu likakoza. Usiku ule nililala.

Sasa ni zaidi ya mwaka natumia Defender peke yake. Mashine inawaka kabla birika halijachemka. Sioni matangazo wala sidaiwi kadi, na likitokea onyo najua ni onyo. Kwa mashine ya GB 4 na mtu asiyetaka kuulizwa maswali, sijaona kinachoishinda.

Lakini si malaika. Inapoanza kuskani, diski ya kuzunguka inalemewa, na kwenye orodha ya programu utaona kitu kinaitwa Antimalware Service Executable kinakula kila kitu. Nilidhani ndiyo kirusi chenyewe, nikawa nakizima. Kumbe ndiye Defender. Dawa yake ilikuwa kupanga skani kubwa wakati sipo, na mpwa wangu aliipanga Ijumaa saa sita na nusu mchana, nikiwa msikitini. Nikirudi imeshamaliza au iko mwishoni. Aliyeweza kubadilisha diski akaweka SSD, ile ya kisasa isiyozunguka, hatalihisi tatizo hili, lakini na hiyo ni pesa.

La pili ni bando. Defender bila ya sasisho ni mlinzi mwenye picha za wezi wa mwaka juzi. Mimi nawasha hotspoti ya simu kila siku mbili tatu, zinaingia kidogo kidogo. Mwenzangu wa skuli asiye na intaneti nyumbani nampelekea kwa flashi faili la sasisho linaloitwa mpam-fe.exe, linapatikana kwenye tovuti ya Microsoft. Ni zito, linapita MB 100, na kuna la Windows ya biti 32 na la biti 64, basi uangalie kwanza mashine yako ni ipi.

Malwarebytes ya bure nimeiweka vile vile, kama daktari wa pili. Ikishamaliza siku zake 14 za majaribio hailindi mlangoni tena, inakagua ukiiambia tu, na mimi ndivyo ninavyoitaka, mara moja kwa mwezi. ClamWin, antivirusi nyengine ya bure, niliijaribu pia. Ni nyepesi na huru, lakini haina ulinzi wa papo kwa papo, ni mpaka uifungue mwenyewe. Kwa mgeni wa kompyuta kuitegemea peke yake, hapana.

Kitu kilichonisaidia kuliko antivirusi yoyote wala si antivirusi. Mpwa wangu alinifungulia akaunti ya kawaida ya kufanyia kazi, na ile ya msimamizi akaiwekea nywila yake mbali, imeandikwa kwenye karatasi kabatini. Siku hizi watoto wangu wakitaka kuingiza gemu kutoka flashi ya mtu, mashine inauliza nywila. Wananiita. Mimi nasema hapana. Imekwisha.

Ipo habari ya Windows 10 yenyewe. Microsoft wamesimamisha msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yangu kwa processor hii haikubaliki kwenye Windows 11. Wameweka mpango wa mwaka mmoja wa ziada wa viraka vya usalama, hadi Oktoba 2026, na nimejiunga bila ya kutoa senti kwa kuingia na akaunti yao na kukubali mipangilio yangu ihifadhiwe kwao. Sasisho za Defender wamesema zitaendelea hadi 2028, lakini mlinzi mzima ndani ya nyumba iliyotoboka ukuta si kitu cha kujivunia. Laptopu nyengine ya skuli, yenye GB 2 na Windows 7, hatukuihangaikia kabisa. Tumeiondolea Windows tukaiwekea Linux Mint ya Xfce, mfumo mwengine wa bure na mwepesi, inachapa, inatoa kopi, na virusi vya shotikati vikiingia na flashi vinakaa tu havina la kufanya.

Mwezi uliopita nilirudi duka lile lile la fotokopi. Nilipofika nyumbani niliichomeka flashi, na kabla ya kufungua chochote nikabofya upande wa kulia nikaiskani. Haikufika dakika: kitu kimoja kimepatikana, kimewekwa karantini, yaani kimefungiwa pembeni kisidhuru. Nikampigia yule kijana kumwambia kompyuta yake inaumwa.

"Maalim, kwani antivirusi si ipo," akanijibu. "Kila siku inatoa nyekundu, mimi naifunga tu."